Taa ya Kushoto

Jumatatu, 3 Mei 2021

Kibumba na kurudi. Kabichi magunia kumi na manne, vitunguu majani, karoti kidogo. Mvua njiani. Saumu ya ishirini na moja, koo kavu tangu asubuhi.

Sokoni, kabla ya kurudi nyuma, nilishuka nikapangusa jicho la kamera ya nyuma ya gari kwa pindo la kitenge. Matope ya Kibumba hayana adabu, yanaanzia hapo hapo. Kisha nikazunguka gari kwa miguu kama kawaida yangu. Mama wanaouza sombe, majani ya muhogo, wanakaa chini na masinia yao karibu kabisa na gurudumu, na kamera inaona katikati tu. Ndipo nikapanda. Ile sauti ya msichana wa Kijapani iliyokuja na gari ikaanza kusema mambo yake ndani ya dashibodi. Mwaka mzima sasa sijui ananiambia nini. Anaongea kwa heshima, nadhani ananionya.

Madereva wanaume walinicheka. Wacheke. Miaka kumi na tisa barabarani na sijamkanyagia mtu hata sinia.

Papa Amina, mume wangu, naye ananicheka, ila yeye ana haki kidogo. Ni fundi. Gereji yake iko Mapendo, na kazi yake kubwa ni kuhamisha usukani. Magari yanatufikia kutoka nchi za watu wanaopita kushoto, sisi Kongo tunapita kulia, basi yeye anautoa usukani kulia na kuuweka kushoto. Hili letu alilihamisha mwenyewe kwa wiki mbili. Kazi safi. Kasoro moja tu: ukibonyeza kitufe cha dirisha la kushoto, linashuka la kulia, na la kulia vivyo hivyo. Karibu magari yote yaliyohamishwa yana ugonjwa huo. Tumezoea.

Ninachokipenda zaidi ni taa za vioo. Kila kioo cha pembeni kina kitaa cha njano. Kikiwaka, kuna kitu upande huo, pale ambapo macho hayafiki. Kamera inanishusha kwenye matope. Taa haziniombi kitu.

Alhamisi, 6 Mei

Nimegonga mtu.

Niandike kama ilivyokuwa.

Tulikuwa tunateremka kutoka Kibumba. Mbele yangu lori la makaa, linatambaa. Nikalipita kwa kushoto. Nilipomaliza pua ya lori nikaangalia vioo. Taa ya kulia haikuwaka. Ya kushoto iliwaka. Nikajua kuna pikipiki kushoto inataka kunipita, hawa watoto hawana subira. Nikarudi kulia upesi nimpishe. Nikasikia mti unavunjika.

Mtu wa chukudu. Alikuwa mbele ya lori, lori lilimficha. Ile baiskeli yao ya mbao ilikuwa na magunia mawili ya viazi, yeye amepiga goti juu yake, anateremka kwa kasi kama wanavyoteremka wote. Gurudumu la mbele limepasuka vipande viwili. Viazi vimetapakaa hadi mtaroni. Mguu wake umechanika kutoka gotini kwenda chini. Nimempandisha garini, kituo cha afya wamemshona. Mfupa haukuvunjika. Alhamdulillahi.

Anaitwa Paluku. Kijana wa miaka thelathini hivi, Mnande kutoka upande wa Beni. Alikimbia kule baada ya waasi kuua watu kijijini kwao, akaja Kibumba na mke na watoto wawili. Chukudu ndiyo mali yake yote. Hakunitukana. Alisema hivi tu, wakati wanamshona:

«Mama, miye nilikuwa pembeni yako tangu ku ile kona. Nilipiga mukono ku mulango yako.»

Nikamwambia haiwezekani. Taa ya kulia haikuwaka.

Redioni wanasema kuanzia leo wanajeshi ndio wanaoongoza mkoa. Sina nguvu ya kuwaza hayo.

Jumamosi, 8 Mei

Wakubwa wa chama cha chukudu wametuita. Wana sheria yao: mtu wa chukudu akijiingiza kwenye gari linalopita, ananyang'anywa jilet yake, kile kizibao chenye numero. Bila jilet hakuna anayempakilia mzigo, si Kibumba wala mjini. Anakuwa si mtu wa barabara tena.

Tulikaa kwenye mabenchi chini ya turubai. Paluku alikuja na fimbo. Alisema alichosema kituoni: alikuwa kulia kwangu, hakuhama mstari, alipiga mkono mlangoni. Kisha zamu yangu. Nikaeleza taa. Nikawapeleka garini, nikawaonyesha kitaa kwenye kioo. Wakakikodolea macho. Nikasema nimefunga, mdomo wangu hauna uongo: ya kulia haikuwaka, basi wakati ninahama hakukuwa na mtu kulia. Alijileta baadaye.

Prezida wao ni muzee mwenye mvi, polepole wa maneno. Alisema binadamu anaweza kusema uongo, chombo kinasema uongo kwa faida gani? Wote wakaitikia. Paluku akavua jilet. Numero quarante-deux, arobaini na mbili. Akaikunja vizuri, kona kwa kona, akaiweka kwenye benchi.

Nimerudi nyumbani na kichwa juu. Mama mwenye gari la kisasa, ameshinda.

Kitu kimoja sikukitaja. Kabla ya ule mti kuvunjika nilisikia kitu kinagonga mlango wa kulia. Mara mbili. Nilidhani kabichi inabingirika.

Ijumaa, 14 Mei

Idi ilikuwa jana. Pilau nzuri, wageni wengi, miguu imevimba. Papa Amina aliwasimulia wote habari ya taa. Gari nililolihamisha kwa mikono yangu, anasema, limemtetea mke wangu mbele ya baraza. Wageni wakasema mashallah. Mmoja ameahidi kumletea lake.

Jumanne, 18 Mei

Kibumba. Nimemwona Paluku. Anabeba magunia mgongoni, kutoka shambani hadi barabarani, kwa mguu ule. Hawampi chukudu, wanaupa mgongo wake kazi. Alinisalimu. Nilimjibu kwa kidevu.

Nina hasira naye. Angekubali kosa ningemhurumia. Anachonichosha ni kule kushikilia kwake, bila kelele, kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

Ule mlango umegongwa tena kichwani mwangu njia nzima.

Jumapili, 23 Mei

Volkano.

Jana jioni, mbingu nyekundu upande wa Nyiragongo. Mwanzoni nilidhani mtu anachoma takataka. Kisha mtaa wetu wote wa Majengo ukatoka nje. Mfuko wa kukimbilia uko mlangoni kwetu tangu 2002, lava ilipochukua nyumba ya baba yangu. Mwaka 2012, waasi walipoingia mjini, tuliubeba tena. Sasa mara ya tatu. Zipu yake imeharibika kwa kuzeeka.

Tulilala ndani ya gari upande wa Keshero: mimi, Papa Amina, binti yetu Amina na mama mkwe ambaye hakuacha kusali. Asubuhi tukaambiwa lava imesimama. Imesimama karibu mno. Nyumba yetu ipo. Za wengine hazipo. Barabara ya Kibumba imekatwa, moshi unatoka juu yake.

Nimelia kidogo bafuni. Sasa basi.

Jumatano, 26 Mei

Ardhi haitulii. Vikombe vinacheza kabatini. Ukuta wa jikoni una ufa wa kuingiza kidole.

Jivu kila mahali. Leo nimepangusa jicho la kamera mara nne, na bado inaonyesha ukungu. Nimeliacha, nimegeuza shingo. Shingo haina ukungu.

Ijumaa, 28 Mei

Sake. Tumekimbilia huku, tuko hai. Niandike polepole, hili nataka nilikumbuke sawasawa.

Jana alfajiri redio ilituamuru tuondoke. Mapendo, Majengo, karibu nusu ya mji. Wanasema moto uko chini ya ardhi, hata chini ya ziwa. Saa mbili tulikuwa barabarani na mji mzima. Magari, pikipiki, chukudu, magodoro, mbuzi, mama wajawazito kwa miguu. Hakuna aliyekuwa anakuja upande wetu, kwa hiyo magari yalijaza barabara yote. Mimi nilisukumwa hadi mstari wa kushoto kabisa. Kushoto kwangu mawe ya lava ya zamani na majani. Basi. Hata mbuzi hakuna.

Tulisimama saa nzima. Kisha mstari ukafunguka, tukapata mwendo. Taa ya kushoto ikawaka.

Niliangalia kushoto. Mawe.

Ikazimika. Ikawaka tena. Nikafikiri jivu limeiharibu. Amina ndiye aliyesema, bila kufikiri, mdomo umejaa mkate: «Mama, kila pikipiki ikipita kwangu, taa ya kwako inawaka.» Amina alikuwa kiti cha mbele. Kulia.

Nilihesabu. Pikipiki kulia, taa kushoto. Pikipiki nyingine kulia, taa kushoto. Mtu wa chukudu na magodoro matatu, kulia, akaenda sambamba na mlango wa Amina muda mrefu, na taa ya kushoto ikatulia imewaka muda huo wote, juu ya mawe matupu.

Kama dirisha. Kama dirisha tu. Mwaka mzima nabonyeza kushoto ili nifungue kulia, naona kawaida, nacheka. Haikunijia hata siku moja kwamba waya za taa zinapita mlango huo huo. Papa Amina alizikata pamoja, akaziunganisha pamoja.

Ile siku taa iliniambia yuko mtu. Iliniambia kwa mdomo wa upande mwingine, nami nikamkimbia kwa kumwendea. Yeye alikuwa pale. Alikuwa pale tangu kwenye kona. Alipiga mkono mlangoni mara mbili.

Nilisimamisha gari pembeni, nikafunika macho kwa pindo la kitenge. Mama mkwe akasema ni jivu.

Jumamosi, 29 Mei

Tunalala kwenye darasa la shule, familia sita. Maji shida. Mgongo unauma.

Nimemwambia Papa Amina. Kwanza alikataa. Nikamtia usukanini, tukaenda na kurudi barabarani, mimi upande wa Amina. Pikipiki ikatupita kulia. Aliiona taa mwenyewe. Akazima gari. 

Kisha akasema, taratibu:

«Mama Amina, tuachie hapa. Nitageuza waya, hakuna mutu atajua. Unataka batu baseme gereji yangu inauaka batu?»

Nikamuuliza kuhusu magari mengine aliyohamisha. Akasema mengi ni ya zamani, hayana taa. Mengi. Nikamuuliza ni mangapi yanazo. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Nikamwambia basi waya hizo asiziguse hata kidogo. Zikiguswa, ushahidi wa Paluku umekwisha.

Hatujasemezana tangu hapo. Ni mume mwema. Aliuza pete yake ya ndoa tukimbie waasi. Najua ninachomwomba.

Jumatano, 2 Juni

Niliapa nikiwa nimefunga. Nimelizungusha hili kila upande. Sikusema uongo, taa ya kulia kweli haikuwaka. Lakini nilisikia mlango na nikanyamaza, kwa sababu mlango ulikuwa upande wa Paluku. Hapo hakuna waya wa kusingizia.

Usingizi hakuna. Mtoto wa jirani anakohoa.

Jumanne, 8 Juni

Tumeruhusiwa kurudi. Nyumba ipo, ufa umepanuka. Wezi wamechukua redio na sufuria kubwa. Kunguru wamekaa jikoni kama wenye nyumba.

Papa Amina amefungua gereji. Hakuligusa gari. Alilizunguka tu, mikono nyuma.

Jumamosi, 19 Juni

Kibumba, mara ya kwanza tangu moto. Tinga limefungua njia juu ya lava. Bado kuna joto, linapanda kupitia sakafu ya gari hadi kwenye viatu.

Nilimkuta Paluku akipalilia shamba la mtu. Mguu umepona vibaya, anauvuta. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Sake. Yote yakapotea. Nikamwambia taa ilikuwa imeunganishwa kinyume. Nikamwambia na mlango, kwamba niliusikia. Hili la pili lilikuwa gumu kulitoa kuliko la kwanza.

Aliegemea jembe. Hakufurahi. Nilitaka afurahi, nakiri. Aliuliza tu kama nitayasema hayo kule kwa wakubwa, au nimekuja kuyasema shambani tu.

Nikasema kesho.

Nimemwambia Papa Amina jioni. Kwamba nitasema mimi, jina la fundi sitalitaja. Akala ugali wake hadi mwisho, akanawa, akaenda kulala.

Jumapili, 20 Juni

Mabenchi yale yale. Turubai limetobolewa na mawe ya volkano, jua linaingia kwa matundu.

Nilisema yote. Nilisema na mlango. Baadhi ya vijana walipiga mluzi. Mmoja aliuliza kwa nini wamwamini leo mtu aliyewadanganya jana. Swali zuri. Nikamwambia wasiniamini mimi, waje waone. Prezida akakaa kiti cha mbele, mimi usukanini. Paluku akapewa chukudu ya mwenzake, kwenye mteremko mdogo wa kanisa. Nikaenda polepole, yeye akateremka kulia kwangu, anauvuta ule mguu, mkono mmoja kwenye usukani wa mbao.

Taa ya kushoto ikawaka. Prezida akatoa kichwa dirishani, akamwona Paluku. Akarudi kuangalia taa. Akaniomba turudie. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu Paluku aliponikaribia alipiga mkono mlangoni, mara mbili, sauti ile ile.

Nililia mbele ya watu wote. Hakuna aliyenibembeleza, na sikustahili.

Tuliporudi kwenye mabenchi, prezida aliuliza:

«Nani alifunga hizi waya?»

Jina sikulitoa. Nilikuwa nimeahidi. Wakasubiri. Nikasikia benchi la nyuma linalia, mtu anasimama. Sikujua hata kama amekuja. Amevaa kanzu yake ya Ijumaa, siku ya Jumapili, na mfuko wa vyombo begani.

«Ni mikono yangu,» alisema Papa Amina. «Yeye hakujua. Na kuna zingine sita mu muji. Nitazitafuta moja moja.»

Sita. Alikuwa amezihesabu tangu Sake.

Prezida akatoa jilet kwenye sanduku. Bado imekunjwa vile alivyoikunja mwenyewe. Paluku aliivaa. Ilimpwaya, amekonda.

Alhamisi, 24 Juni

Papa Amina ameunganisha upya waya za gari letu. Alinikalisha ndani, akapita kila upande na pikipiki ya jirani hadi nikasema inatosha. Alitaka kutengeneza na madirisha. Nimekataa. Yabaki kinyume. Kila nikibonyeza nataka nikumbuke.

Wateja wawili wamehamia kwa fundi mwingine. Magari manne kati ya yale sita yamepatikana. Mwenye la tano alimtukana, kisha akampa ufunguo. Anarudi nyumbani amechoka kuliko mimi. Tunaongea tena, habari za chumvi na maji.

Jumanne, 13 Julai

Kibumba na kurudi. Kabichi magunia kumi na moja, vitunguu majani. Baridi, ukungu hadi njiani.

Baada ya ile kona, mbele yangu lori. Sikulipita. Sina haraka siku hizi. Likakunja kuelekea shambani na mimi nikabaki na barabara. Nikampita mtu wa chukudu polepole, nikiwa nimemwachia nafasi. Taa ya kulia ikawaka. Niligeuza shingo hata hivyo, hadi bega likaniuma. Jilet, quarante-deux. Gurudumu jipya, magunia mawili, goti juu ya ubao, ule mguu mbaya umening'inia.

Nikapunguza, nikawa sawa naye. Nikabonyeza kitufe cha kushoto, dirisha la kulia likashuka. Upepo ukaingia. Nilitaka kusema neno la maana, nikasema pole na kazi, papa.

Aliendelea kutazama barabara. Mteremko ule hautaki mchezo.

«Mama,» alisema, «leo umeniona?»

«Nimekuona.»

Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Nikakanyaga breki, nikamwacha atangulie, nikamfuata nyuma hadi mwisho wa mteremko. Magari ya nyuma yalipiga honi sana.

Sokoni kabichi zimeisha saa tisa. Nilishuka, nikapangusa kamera, nikazunguka gari. Mama wa sombe walisogeza masinia yao bila kuambiwa. Amina ameshachemsha chai.